Kuosha Tumbo la Lori

Juni 10, Jumanne

Honi ya kinu cha sukari imelia asubuhi. Msimu wa miwa umeanza.

Daftari hili ni la mjukuu wangu Rinita, aliliacha alipokwenda shule Suva. Kurasa nyingi zimebaki tupu na mimi sipendi kitu kibaki. Darasani sikuingia hata siku moja. Herufi nilizipata ukubwani, kwenye mikebe ya mafuta na vitabu vya nyimbo za hekaluni. Asiyeweza kusoma mwandiko wangu ailaumu mikebe.

Lori letu limetoa moshi wa bluu lilipowashwa. Ambika, mkaza mwanangu, aliuangalia ule moshi kwenye kioo, asiseme kitu. Ndivyo alivyo. Hata mwanangu Dharmen alipokufa, miaka mitatu sasa, huyu mkewe hakulia mbele za watu. Aliuliza tu funguo za lori ziko wapi. Sijamsamehe swali lile.

Juni 11, Jumatano

Mizigo miwili. Vumbi. Moshi tena.

Juni 14, Jumamosi

Amekuja Apenisa, fundi wa kule njia ya Varoko. Kafungua mfuniko wa juu wa injini, akapiga mluzi.

“Aji, njoo uone achari uliyopika.” Aji ni bibi, na hapa wote huniita hivyo, Wahindi na Wafiji.

Nikachungulia. Achari ya ukwaju iliyoungua, ndivyo ilivyokuwa. Nyeusi, nzito, imeganda kila kona.

“Lori hili haliuawi na kazi,” akasema. “Linauawa na kusubiri. Foleni ya kinu, saa nane, injini inanguruma bure, halipati joto la maana. Oili inageuka tope. Na nyinyi hamkuwa mkimwaga, mlikuwa mkiongeza tu.”

Ambika alikuwa anafuta mikono. Akaendelea kufuta mikono iliyokwisha kufutika.

Niandike jambo lenyewe lilivyo. Genge letu lina wakulima kumi na saba, na lori moja tu ndilo hubeba miwa yao. Mwaka jana letu lilisimama njiani mara mbili. Mahabir, nyapara wa genge, kashatuambia: likisimama tena, kazi anapewa Bisun na lori lake. Kazi ikienda kwa Bisun, Ambika anakwenda Melbourne. Kaka yake kamtafutia kibarua huko, kutunza wazee. Ataogesha bibi za watu ng'ambo, mimi nibaki hapa nikijisugua mgongo kwa mti wa mlango.

Sijui kama nataka abaki yeye, au nataka tu nisibaki peke yangu. Ndiyo kweli, na iandikwe.

Juni 16, Jumatatu

Tumekwenda mjini Ba, dukani, kununua vya kuoshea injini. Kijana wa dukani kaleta kichupa kidogo.

“Aji, hiki unamimina, unaungurumisha injini dakika kumi, unamwaga. Injini mpya!”

“Na mimi ukininywesha nitakuwa mwari?”

Apenisa alishatuonya. Kwa injini kongwe kichupa kile ni kikali, kinabomoa tope mapande mapande, yanaanguka chini na kuziba chujio la kwenye sinia la oili. Injini inakauka koo na kufa safi kabisa, kama maiti aliyeoshwa. Yeye anataka tuoshe polepole, kwa oili yenyewe, maana oili nzuri ya dizeli ina sabuni ndani yake. Unaiweka, unafanya kazi wiki moja, unamwaga na kubadilisha chujio. Halafu wiki mbili. Halafu mwezi.

Kijana akapanga mikebe mitatu mezani. Wa kwanza wa dhahabu, oili nyepesi kama maji ya dengu ya mtu mchoyo. Wa pili namba arobaini tupu, ile aliyoipenda marehemu mume wangu. Wa tatu mkebe mbaya wa kijivu, namba zake za uzito kumi na tano kwa arobaini.

“Zote oili, Aji.”

“Na nyote wanaume, lakini si wote niliokubali kuwapikia.”

Nikageuza mikebe nyuma, kwenye maandishi madogo. Apenisa alinipa herufi mbili za kutafuta: S ni ya petroli, C ni ya dizeli. Wa dhahabu una S. Wa marehemu una C, lakini ni ya zamani, sabuni yake haba. Wa kijivu una C na namba kubwa. Nikasema huo.

Yakabaki machujio. Ya aina mbili, rangi moja, kimo kimoja. Ambika akasema, “Tuchukue haya rahisi, Mama. Si tutayatupa baada ya wiki?” Hata mimi nilikuwa na wazo hilo hilo, ila lilipotoka kinywani mwake nikaliona la kijinga. Nikampigia Apenisa simu.

“Siku ya kufua,” akasema, “ndiyo siku unayotaka beseni lisilovuja.”

Basi nikatia kidole kwenye matundu. Moja mpira wake wa ndani laini kama sikio la mtoto. La pili mgumu kama roti ya juzi, na karatasi yake imekunjwa upande. Nikachukua matatu ya mpira laini. Kijana kaninunia. Anune.

Juni 22, Jumapili

Kumwaga kwa kwanza. Ambika chini ya lori, mimi na ndoo. Oili imetoka nyeusi, inanuka moto.

Apenisa kanifundisha kulipasua chujio lililotumika. Nimetumia kifungua kopo cha samaki, nikaikunjua ile karatasi juu ya kibao cha roti. (Kibao nimeshakisugua, asije mtu akaniandama.) Chembe nyeusi tele, mfano wa haradali iliyoungua.

“Weusi ni uchafu unaotoka,” alisema Apenisa. “Ukiona kinachong'aa, hiyo ni nyama ya injini.”

Nilitafuta kinachong'aa mpaka macho yakatoa machozi. Hakuna.

Juni 27, Ijumaa

Moshi umepungua. Bisun kapita akapiga honi na kucheka. Lori lake jipya lina picha ya simba mlangoni. Simba kafanana naye, hasa tumbo.

Julai 1, Jumanne

Vumbi. Ambika amekula wima, akaondoka.

Julai 6, Jumapili

Kumwaga kwa pili, nimefanya peke yangu. Ambika alirudi kutoka foleni ya kinu amechoka, nikamwacha alale. Mwanamke wa miaka sabini na moja chini ya lori! Mahabir alipita akasema, “Aji, toka huko, utakufa.” Nikamwambia nikifa chini ya gari aniache hapo hapo, gharama ya jeneza imeepukika.

Chembe kwenye karatasi zimepungua nusu. Zinazong'aa hakuna.

Oili iliyotoka bado nzito, bado ina mwili. Imeniuma kuimwaga. Nimeifunika nyuma ya jiko.

Julai 19, Jumamosi

Leo nimekwenda na Ambika hadi shambani nikiwa nimeketi kitini kwa pembeni. Njiani akazima redio ghafla. “Sikia,” akasema. Sikusikia kitu. “Sauti imeshuka. Zamani ilikuwa inakwaruza ikipoa. Sasa haikwaruzi.” Alitabasamu, si kwangu, kwa kioo. Miaka kumi na tisa nimeishi na huyu mtu, sikujua ana sikio la namna hiyo.

Julai 30, Jumatano

Mashamba yanachomwa moto ili yakatwe. Majivu yananyesha juu ya nguo zilizoanikwa. Nimefua mara mbili, nimelaani mara nne.

Agosti 3, Jumapili

Kumwaga kwa tatu. Niandike lote.

Nilimwaga kwanza, ndipo nikaingia stoo kuchukua mkebe. Mkebe haupo. Tulikuwa tumeutumia kuongezea, nami nilisahau. Nikapiga simu dukani. Mkebe wa kijivu umekwisha, meli imechelewa, mpaka Alhamisi. Upo wa dhahabu tu.

Lori halina oili hata tone. Ambika amelala. Shamba la Mahabir limechomwa jana, na miwa iliyoungua haingoji, kila siku inayopita sukari inatoroka. Kesho asubuhi lazima lori liende. Ningemwamsha. Ningesema, mama mzima nimekojoza gari kabla ya kutazama chungu. Sikutaka kulisema hilo mbele ya uso wake ule usiosema.

Nikakumbuka ile oili nyuma ya jiko.

Maisha yangu yote nimechuja. Mafuta ya kukaangia nachuja, maji ya mafuriko nimechuja, yangona ya wanaume nimechuja miaka hamsini, mizizi iliyotwangwa inaingia tope na kutoka kinywaji. Nikachukua kitambaa cha yangona cha marehemu mume wangu, kile cha bluu, nikaichuja oili mara tatu. Ilipita polepole, na kitambaa kikabaki na uchafu, nikafurahi. Nikaweka chujio jipya, nikamimina.

Ambika alipoamka akawasha injini kidogo, akazima, akachomoa kijiti cha kupimia. Nyeusi, lakini oili ya dizeli hugeuka nyeusi kabla hujafika njia panda, hakushangaa.

“Umeweka mpya, Mama?”

“Nimeweka mpya.”

Agosti 4, Jumatatu

Limekwenda, limerudi. Unaona?

Agosti 5, Jumanne

Mvua, katikati ya kiangazi! Njia zimekuwa uji.

Agosti 6, Jumatano

Nilikuwa nimepeleka chakula kwa wakataji, chini ya kilima. Lori likapanda, limejaa hadi juu, magurudumu yanakula matope. Bisun nyuma yake na mzigo wa genge lingine, na malori mawili nyuma ya Bisun. Katikati ya kilima injini ikazimika. Haikufa, ilizimwa. Nilisikia tofauti, na mimi sina sikio.

Ambika akashuka, akaweka mawe nyuma ya magurudumu.

Bisun akatoa kichwa. “Shemeji! Hapo ni jikoni kwako?”

“Taa ya oili imewaka,” Ambika akasema.

“Taa tu! Endesha, itazimika yenyewe!”

“Siwashi.”

“Wanaume watatu wanangoja kwa ajili ya kitaa chekundu? Toka nikuendeshee mimi.”

“Panda uguse usukani wangu,” Ambika akasema, taratibu kabisa, “uone kama utashuka na mikono miwili.”

Hakuwasha. Saa tatu na nusu kwenye mvua, mpaka trekta lilipokuja kulivuta. Wakataji walikuwa wanacheka, wengine wanatukana. Mahabir alifika, akatazama miwa yake inalowa, akasema neno moja: “Jumamosi.” Maana yake mkutano wa genge.

Mimi nilisimama na masufuria. Nilijua.

Agosti 7, Alhamisi

Apenisa ameshusha sinia la oili. Chujio la chini limevaa koti. Tope, na ndani ya tope nyuzi, nyuzi za kitambaa zimejisokota kama nywele kwenye tundu la bafu. Akavuta moja, akaifuta. Bluu.

“Hii ni nini?” akauliza. Halafu akanitazama, akajibu mwenyewe kimoyomoyo. “Kitambaa kinazuia mchanga, Aji,” akasema polepole, akiangalia chini. “Masizi hakiyazuii. Na oili ile sabuni yake ilishakwisha, ilikuwa maji ya kufulia.”

Ambika akauchukua ule uzi, akauzungusha kidoleni. Akaniangalia. Akaenda kuanua nguo.

Apenisa kageuza beringi mkononi, kazitazama juani. “Nzima. Angeendesha hadi juu ya kilima, leo tungekuwa tunauza chuma chakavu.”

Agosti 9, Jumamosi

Mkutano kwenye banda la Mahabir. Wanaume kumi na watano, beseni la yangona katikati, na sisi wanawake wawili kwenye benchi la pembeni. Bisun si wa genge, lakini alikaribishwa, maana kazi ilikuwa inakwenda kwake.

Mahabir akasema, “Ambika, lori limesimama mara ya tatu. Sababu?”

Akasimama. “Kosa langu, baba. Oili nilibadilisha mimi. Niliweka isiyofaa.”

Nilidhani sikusikia vizuri. Huyu mtu, niliyemtia uongo mkononi akapanda nao kilima, anasimama mbele ya wanaume na kuuita wake. Naye akiukubali, ndiyo mwisho. Kesho anafunga sanduku.

“Kaa chini!” nikasema.

“Mama, nyamaza.”

“Nimenyamaza tangu Jumapili na imenitoa vidonda. Kaa!” Nikasimama mimi. “Oili niliiweka mimi. Ilikuwa imetumika. Niliichuja kwa kitambaa cha yangona.”

Halafu mzee mmoja akalitazama bakuli lake. “Kitambaa gani?”

“Si hicho, mpumbavu, cha nyumbani kwangu!”

Wakaangua kicheko, mmoja yangona ikamtokea puani. Bisun alicheka kuliko wote. Niliwaacha wachoke.

“Mkishamaliza,” nikasema, “niambieni hili. Nilimwambia huyu binti kwamba nimeweka mpya. Nilimdanganya kwa kuwa niliona aibu. Alikuwa hana cha kumwonya ila kitaa kimoja, na mlimtukana alipokiamini. Apenisa, sema.”

Apenisa alikuwa ameegemea nguzo. “Alizima kabla ya pumzi mbili. Injini haina jeraha.”

Mahabir akamgeukia Bisun. “Wewe ungezima?”

“Mimi?” Bisun akasema, bado anacheka. “Taa yangu iliungua zamani, sijui hata rangi yake.”

Hakuna aliyecheka tena. Wanaume kumi na watano wakamtazama, kila mmoja akiwaza miwa yake nyuma ya lori la mtu yule.

Wamekata shauri hivi: Bisun abebe wiki mbili, wakati sisi tunaosha upya. Apenisa akiridhika, kazi inarudi kwa Ambika.

Tumerudi kwa miguu. Hakusema.

Agosti 10, Jumapili

Mkebe wa kijivu umekuja. Amemimina yeye. Hakusema.

Agosti 13, Jumatano

Nimepika kari ya samaki anayoipenda. Amekula. Hakusema.

Agosti 16, Jumamosi

Nimemtukana paka ili nisikie sauti nyumbani.

Agosti 21, Alhamisi

Amesema. Alikuwa anakanda unga, mimi nachagua dengu.

“Sikukasirikia oili, Mama. Nimekasirikia ‘nimeweka mpya’. Nilipanda kile kilima juu ya neno lako.”

“Najua.”

“Hujui. Mimi huwa naamini kila unachosema, kwa sababu wewe humwonei mtu haya. Ukiniambia roti yangu ni ngozi ya viatu, najua ni ngozi. Sasa nitajuaje?”

Nikasema roti zake kweli ni ngozi. Alicheka kidogo, kisha akaacha kukanda.

“Na lile tope. Apenisa alisema ni kusubiri. Wenzangu foleni ikisimama huzima injini. Mimi sikuzima. Misimu mitatu sikuzima.”

“Kwa nini?”

“Injini ikinguruma mtu hasikiki.”

Ilinichukua muda. Mimi ni mzito, sikusoma. Halafu nikaiona ile achari nyeusi, misimu mitatu, na nikajua imetengenezwa na nini. Nilikuwa nimemhukumu kwa kutolia, na lori zima lilikuwa limejaa kilio chake hadi mfunikoni.

Nilimshika kichwa nikakibana kifuani, mikono yake yote unga. Alisema namvunja shingo. Nikasema ivunjike.

Agosti 25, Jumatatu

Apenisa ameridhika. Lori limerudi kazini. Foleni ya kinu saa sita, na amezima injini.

Septemba 21, Jumapili

Kumwaga. Karatasi ya chujio karibu safi. Yeye kamimina, mimi nimepasua.

Oktoba 20, Jumatatu

Diwali. Rinita yupo nyumbani, taa kwenye kuta zote. Ameuliza kwa nini mama yake anacheka ovyo. Nikamwambia amshukuru paka.

Novemba 15, Jumamosi

Kinu kimefunga. Mbuzi kwa Mahabir, genge zima, na jambo la mwisho kabla ya kula: nani atabeba mwaka ujao. Nilikuwa najua kwamba barua ya kaka yake imekuja tena wiki hii. Sikuuliza.

“Ambika?” Mahabir akasema.

“Nabeba,” akasema. “Kwa sharti moja. Mama asimimine oili.”

Banda likalipuka. Mzee mmoja akajipiga mapaja kwa kicheko, mwingine akaniinulia bakuli. Nilisimama kuwatukana, mmoja mmoja kwa jina la baba yake.

“Lakini dukani,” Ambika akaendelea, hakuinua sauti, “anachagua yeye. Na machujio anayapasua yeye. Mimi sioni kama anavyoona.”

Nilikuwa na maneno mengi yamejipanga mdomoni. Nikakaa chini bila kutoa hata moja, mara ya kwanza tangu nizaliwe, na Ambika akageuka haraka kuniangalia, kama dereva aliyesikia injini ikizimika ghafla.